UBWABWA WA MZEE RUNGWE NA FUTARI ZA WAHESHIMIWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kampeni za mwaka 2025 zilipofunguliwa, kwenye magrupu yetu, hata yale yenye jina la msikiti, zilianza kuzunguka tena picha za Mzee Hashim Rungwe na sufuria. Mtu anatuma picha, anaweka vicheko kumi, wa pili anaandika "mzee wa ubwabwa", wa tatu ni ustadhi mzima wa madrasa naye anacheka. Basi leo nataka kusema na watu wangu kwanza, Waislamu. Wasiokuwa Waislamu wakisikia hawatapungukiwa kitu.

Kwanza mjueni mtu mnayemcheka. Hashim Rungwe ni wakili. Si mchekeshaji, si mganga wa kienyeji aliyeokota chama njiani. Mwaka 2010 aligombea urais wa nchi hii kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akapata kura 26,388. Mwaka 2015 akarudi kwa chama chake cha CHAUMMA, yaani Chama cha Ukombozi wa Umma, akapata 49,256. Mwaka 2020 akaingia mara ya tatu, akapata 32,878. Kwa asilimia hazifiki hata nusu ya moja: 0.31, kisha 0.32, kisha 0.22. Mara tatu mtu mzima anazunguka mikoani kutafuta wadhamini, mia mbili kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, miwili iwe ya Zanzibar, analipa dhamana yake, anapanda jukwaani, na mwisho wa siku anapewa hesabu ambayo ikisomwa kwenye taarifa ya habari msomaji hatui hata pumzi.

Na katika safari yote hiyo, neno moja ndilo lililobaki vichwani mwa watu. Ubwabwa. Kwamba akiingia Ikulu watu watakula washibe, na wanafunzi wakiwemo.

Nchi nzima ikacheka.

Sasa nataka mniambie mlicheka nini hasa. Kenya mwaka 2022 alisimama mwanasheria mwenzake, Profesa George Wajackoyah, akaahidi kulima bangi na kufuga nyoka kwa ajili ya sumu yao. Vijana walimbeba, wakamfanyia nyimbo, na akaondoka na kura 61,969. Huyo wa bangi alionekana mjanja, ana fikra mpya. Wetu kaahidi wali kwa watu wenye njaa, kaonekana mpuuzi. Mizani gani hii?

Nitawaambia ninavyoona mimi. Neno "ubwabwa" lina utani wa zamani ndani yake. Sisi Waislamu wa bara tunatajwa kwalo tangu utotoni. Ukienda madrasa unaambiwa umefuata ubwabwa. Kukiwa na khitma, ubwabwa. Kukiwa na maulidi, ubwabwa. (Sitaki leo mjadala wa maulidi kuwa bidaa au si bidaa, ule una mahali pake, msinianzishie huko chini.) Kwa hiyo Hashim aliposimama na kusema ubwabwa, watu hawakusikia sera ya chakula. Walisikia Mwislamu anazungumzia tumbo lake. Na sisi wenyewe, badala ya kuona jinsi tunavyochekwa, tukaungana na wanaotucheka ili tuonekane wasomi.

Surat Hujurat inakataza kabisa watu kuwadharau watu, kwa sababu huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Aya hiyo mnaihifadhisha watoto. Haikuweka mlango wa kutokea ulioandikwa "isipokuwa wakati wa kampeni".

Tena kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaocheka ni watu wa Kanda ya Ziwa. Ndugu yangu wa Magu, wewe ni nani wa kucheka mchele? Majaruba yale unayoyaona kutoka Usagara kwenda Misungwi, yale ya Kwimba na ya Sengerema, yamelimwa na babu zako. Mpunga ndio uliojenga nyumba za bati vijijini kwetu, ndio uliolipa mahari. Magunia yanapakiwa yanakwenda nchi za jirani. Anayelima mpunga anauza wote, anabakiza chenga, na mtoto wake anakula michembe mchana wa shule, ikiwa imebaki. Halafu anakuja mtu anasema mchele huu watoto wale, mnamcheka.

Tuje kwenye futari.

Kila Ramadhani, hapa mjini na kwingineko, mheshimiwa fulani anaandaa futari. Sitaji jina, nyinyi mnawajua na kadi za mwaliko mnazo. Mahema yanapigwa, viti vinavalishwa vitambaa, na masheikh wanakaa mstari wa mbele. Pilau linakuja, nyama ya mbuzi inakuja, tende, sambusa, juisi. Baada ya Maghrib mheshimiwa anasimama kusema maneno machache ambayo si machache, na ustadhi anaombwa dua, na katika dua anamwombea mheshimiwa arudi tena bungeni. Hiyo mnaiita sadaka. Hiyo haichekeshi. Kamera zinapiga, picha mnazibandika kwenye kurasa zenu.

Kwa hiyo wali wa mheshimiwa, unaoliwa siku moja na watu mia mbili waliochaguliwa kwa majina, ni dini. Wali wa Rungwe, ambao kama ungetimia ungeliwa na mtoto asiyejulikana jina kule Ukara, siku zote za shule, ni kichekesho. Subhanallah.

Sheria ya nchi hii inalijua vizuri jambo hili. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye sheria ya uchaguzi kitu kinachoitwa takrima, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, eti ni mila zetu. Mawakili na mashirika ya haki za binadamu wakaipeleka mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa haiwezekani kutofautisha ukarimu huo na rushwa, na tajiri anampita maskini kwa sufuria. Takrima imekufa kwenye vitabu vya sheria. Kwenye mahema yetu ya futari bado inapumua, na sisi wenye kanzu ndio tunaoipepea.

Tofauti ya mambo haya mawili iangalieni vizuri, maana ndipo mnapochanganyikiwa. Anayekupa sahani leo ili umpe kura kesho, huyo ananunua. Anayesema serikali iweke chakula cha mtoto kwenye bajeti, kiwe haki ya mtoto hata wa yule aliyemnyima kura, huyo anatunga sera. Unaweza kuikataa sera yake kwa hoja, ukasema haina fedha, haina mpango. Hiyo ni halali. Lakini kumcheka wa pili huku umeketi kwenye hema la wa kwanza na mikono imelowa mafuta, hapo mimi sina adabu ya kukuvumilia.

Na dini yetu katika hili haina utata hata kidogo. Surat Maun haikumtaja tu asiyelisha maskini. Inamlaumu hata asiyehimiza maskini walishwe. Kuhimiza tu! Asiyekuwa na kitu anatakiwa kupaza sauti. Surat Quraysh inawakumbusha watu wa Makka neema mbili za Mola wao: kushibishwa baada ya njaa, na amani baada ya hofu. Angalia kilichotangulia. Na Abdallah bin Salam, aliyekuwa mwanachuoni wa Mayahudi wa Madina, amesimulia kwamba katika mambo ya mwanzo aliyomsikia Mtume (S.A.W.) akiyaamrisha alipoingia mji ule ni kueneza salamu na kulisha chakula. Dola ya Kiislamu ilifunguliwa hivyo. Leo angekuja mtu na ilani ya namna hiyo Mwanza mngemtengenezea katuni.

Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, mnampenda kwa upanga. Mtajeni na kwa unga. Usiku alikuta mama anachemsha maji matupu ili watoto wadhani kuna chakula, akarudi Baitul Mal, akabeba gunia mgongoni mwake mwenyewe. Mtumishi wake Aslam alipotaka kumpokea alikataa, akamuuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama. Na katika mwaka wa 18 Hijria, mwaka wa ukame unaoitwa Ramada, alijizuia samli mpaka watu wa kawaida waipate, rangi yake ikabadilika. Umar hakuona kwamba habari ya chakula inamshusha hadhi kiongozi.

Sasa tuangalie ziwa letu.

Sangara waliletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita, wakala furu, wakawa biashara. Viwanda vikajengwa hapa Mwanza, minofu ikakatwa, ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mabondo yakawa na bei ya dhahabu, yanakwenda China. Kilichobaki kwa mwenyeji ni mapanki, yaani kichwa na mifupa, yanakaushwa na kukaangwa. Mwaka 2004 Mzungu mmoja, Hubert Sauper, akatoa filamu ya Darwin's Nightmare, akaonyesha mapanki hayo mbele ya dunia. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani, na Mwanza watu wakakasirika kwamba tumedhalilishwa. Yapo mambo kwenye filamu ile ya kubishiwa, sikatai. Ila nawauliza: tulikasirika kwa sababu ya filamu, au kwa sababu ya mapanki? Maana filamu ilisahauliwa, mapanki yakaendelea kuliwa.

Mtoto wa mvuvi wa Igombe au wa kisiwani anaamka, anakunywa uji kama upo, anatembea kwenda shule, anakaa mpaka alasiri. Tangu Januari 2016 shule ni bure, na serikali iliyofanya hivyo ishukuriwe, mimi sina choyo. Lakini waraka uliofafanua elimu hiyo bila malipo uliacha chakula cha mwanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Mwaka 2021 ukaja mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe mashuleni. Mwongozo mzuri, unasema watoto wale. Mzigo bado ni wa mzazi: debe la mahindi, kilo za maharage, hela ya mpishi na kuni. Mzazi aliyenacho mtoto wake anakula. Asiyenacho, mtoto wake anaangalia wenzake wanavyokula. Walimu mnaonisoma mnajua ninachosema.

Hebu tizameni tarehe. Mzee anasema wali mwaka 2020, anachekwa. Mwaka mmoja baadaye wizara inatoa mwongozo kwamba watoto wale shuleni. Sisemi walimwiga, wala sisemi yeye ndiye wa kwanza duniani kuwaza hivyo. Nasema alikuwa anazungumza jambo ambalo wataalamu wa serikali walikuwa wanaliandika kwenye karatasi wakati nyinyi mmeshika mbavu.

Tamil Nadu, huko India, waziri mkuu wa jimbo, M. G. Ramachandran, alianzisha chakula cha mchana kwa watoto mwaka 1982. Alikuwa mcheza sinema, kwa hiyo naye alichekwa, wachumi wakasema atafilisi jimbo. Miaka kumi na tisa baadaye, tarehe 28 Novemba 2001, Mahakama ya Juu ya India iliagiza nchi nzima kwamba kila shule ya msingi ya serikali itoe chakula kilichopikwa. Si chini ya siku 200 kwa mwaka, na ikataja mpaka kalori: 300 kwa uchache. Kesi hiyo ilifunguliwa na watetezi wa haki za raia wakati maghala ya serikali yamejaa nafaka na watu wanakufa njaa.

Na hapa ndipo namgeukia Mzee Rungwe mwenyewe, maana sikuja kumpaka mafuta.

Mzee wangu, wewe ni wakili. Wale wa India walichukua njaa wakaiandika kama hati ya mashtaka. Wewe uliichukua ukaifanya kaulimbiu. Ulipata majukwaa ya urais mara tatu, na vituo vya televisheni vilikuja kwako kwa sababu ya neno hilo, wakupe dakika kumi wapate cha kuchekesha watazamaji. Dakika kumi zile ndizo zilikuwa za kuweka hesabu mezani. Nitaifanya mimi hapa, na sikusomea sheria wala uchumi. Shule yenye watoto 1,000, kila mmoja gramu 100 za mchele mkavu, ni kilo 100 kwa siku. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Hiyo ni tani 19 na kilo 400. Weka bei ya mchele ya wiki hii hapo Mwanza, ongeza maharage, mafuta, chumvi, mpishi, kuni au gesi. Zidisha kwa shule za kata yako. Utapata namba, na namba hiyo hata ikiwa kubwa mtu anaweza kubishana nayo. Ubwabwa mtupu hauna pa kubishiwa, unachekwa tu. Ulikuwa na jambo la haki ukalivalisha nguo za mzaha, na umma ukakupokea kwa nguo zako.

Tena chama. Hapa mtaani kwetu tangu 2015 bendera ya CHAUMMA naiona msimu wa uchaguzi, kisha inapotea kama kumbikumbi baada ya mvua. Mwenye jambo la watoto kula angekuwa kwenye vikao vya shule mwaka wa pili, wa tatu, wa nne.

Lakini nisimwonee. Wakili huyu aligombea mara tatu cheo ambacho wakili yeyote nchini haruhusiwi kuhoji matokeo yake. Ibara ya 41 ya Katiba, kifungu kidogo cha saba, inasema Tume ikishatangaza Rais, mahakama haina mamlaka ya kuchunguza. Wakenya walifuta matokeo ya urais mahakamani Septemba 2017, Wamalawi Februari 2020. Mahakama ya Afrika iliyoko hapo hapo Arusha ilisema Julai 2020, katika kesi ya wakili Jebra Kambole, kwamba kifungu hicho kinavunja haki. Miezi mitatu baadaye tukapiga kura nacho kikiwa palepale, na wapinzani wakaulalamikia uchaguzi ule usiku na mchana pasipo mlango wa kugonga. Mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, ikambana mtu anayetaka kufungua kesi ya haki za msingi kwa niaba ya umma, mpaka aonyeshe yeye mwenyewe ameathirika vipi. Kwa hiyo njia ya India nayo hapa kwetu imewekewa mwiba. Na Aprili 2025 wakili mwingine aliyewahi kugombea urais, Tundu Lissu, aliwekwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Ukiyajumlisha haya utaelewa kwa nini mwanasheria anaweza kuishia kushika mwiko.

Wapo watakaoniambia: Sheikh, hivi vyama vidogo vimewekwa kupamba uchaguzi. Baadhi huenda ndivyo. Mimi nahukumu kwa ninachokiona. Mei 2025 kundi la G-55 lililotoka CHADEMA liliingia CHAUMMA, na mgombea urais mwaka huo akawa Salum Mwalimu, Mzee akabaki na uenyekiti. Watu wanasema nyumba imepata wapangaji wenye vyombo vingi kuliko mwenye nyumba. Sijui kama habari ya chakula cha watoto itabaki kwenye mizigo yao au itaachwa nje pamoja na sufuria la Mzee. Waulizeni wakija Furahisha au Magu. Waulizeni na CCM swali hilohilo, kwa sauti ileile.

Mwingine atasema: kumbe unatuambia tumpigie Mwislamu. La. Soma tena. Katika fiqhi yetu, wakili ni mtu uliyemkabidhi jambo lako, na mipaka yake ni ile uliyompa. Akivuka, tendo lake halikufungi. Mbunge na Rais ni mawakili kwa maana hiyo. Unamwangalia umemtuma nini na anaweza kukifanya, si jina lake linaanza na herufi gani. Nimewaona wenye majina ya Kiislamu matupu wakila mali ya mayatima, na nimewaona Wakristo wakilisha watoto wa majirani zao bila kuuliza dini.

Basi Maulidi huja, na uchaguzi huja. Waheshimiwa wataleta mchele misikitini, magunia na madumu ya mafuta, mnalijua hilo. Kamati za misikiti, nawaomba. Mchele ukija, andikeni kwenye daftari nani kaleta na kiasi gani, mtu asiombewe kura kwenye dua, na kabla hajaondoka mmoja wenu asimame amuulize mbele za watu: mheshimiwa, shule ya msingi ya kata hii ina watoto wangapi, na wangapi kati yao wanakula mchana? Akijua jibu, mpeni kiti. Asipojua, mpeni maji ya kunywa, mumsindikize kwa heshima hadi kwenye gari lake.

Wabillahi tawfiq.